Namna ya Kuibia Mtihani wa Kompyuta Ukiwa Kibeta

Umejiandikisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kituo cha Bukoba, na kati ya masomo yako limo lile la matumizi ya programu za kompyuta. Mchana una kazi. Jioni una familia. Jumamosi kuna msiba Kamachumu, Jumapili kuna harusi Muleba mjini, na migomba nayo haijipalilii. Unataka kufaulu bila kuteseka. Unataka pia majirani wa Kibeta, hapohapo Bukoba, wakikuona umebeba laptopu wajue kwamba wewe sasa ni mtu mwingine. Yote mawili ni halali kabisa, waitu. Chuo chenyewe kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama wewe, wasioweza kuacha mshahara na watoto wakakae bwenini miaka mitatu.

Basi sogea karibu. Nakufundisha kuiba. Sharti langu ni moja: tutaiba kwa mashine, hatutaiba kwa mtu. Mashine hiyo ina mali nyingi iliyolala, na wengi wanavaa joho siku ya mahafali hawajaigusa.

1. Achana na wizi wa kizamani

Najua unachowaza. Kuna desa la mwaka jana linazunguka kwenye kundi la WhatsApp. Kuna dada wa steshenari anayechapa kama mvua. Kuna jirani wa kumpiga chabo. Watu wazima wenye heshima zao wanazitegemea njia hizi tatu, nami nazikataa kwa sababu ya wazi: ni ghali, na zina kazi nyingi kuliko kusoma.

Tuanze na desa. Faili la Word hubeba jina la aliyelitengeneza na tarehe aliyolitengeneza. Mhadhiri akibofya File, kisha Info, anakuta kazi yako imeandikwa na kijana aliyehitimu zamani na sasa ni mhasibu Mwanza. Unaweza kulifuta jina hilo, ndiyo. Lakini ukishajua kulifuta, tayari umeanza kuifahamu programu. Kwa nini usimalizie?

Dada wa steshenari ni hodari, simsemi vibaya. Unamlipa kwa ukurasa. Kazi ikirudi na masahihisho unamlipa tena. Jedwali likienda upande unamlipa alinyooshe. Kila noti unayompa inanoa vidole vyake, vyako vinabaki vilevile, na akiugua wiki ya kuwasilisha, umeugua na wewe. Baada ya mihula miwili anayestahili shahada ni yeye, na wewe ndiye uliyemlipia ada.

Chabo ndiyo dhaifu kuliko zote. Kwenye skrini ya jirani unaona jibu, huoni vidole. Mtihani wa vitendo unauliza vidole.

Na usiniambie habari za akili mnemba kwamba ndiyo mkombozi. Iulize ikueleze kwa nini fomula yako imekataa, itakusaidia vizuri sana, usiku wa manane, bila kukununia. Ukiiachia iandike kazi nzima, umemwajiri dada wa steshenari mwingine, na siku ya vitendo haruhusiwi kuingia na wewe.

2. Uwahi umeme

Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba umekuwa ukinunuliwa Uganda na kuingia kupitia Kyaka. Mji wenyewe hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi zikija na radi kutoka ziwani. Kwa hiyo umeme utakatika. Usibishane na jambo hilo, lipangie.

Bonyeza Ctrl+S kila ukimaliza sentensi, mpaka mkono wa kushoto ufanye wenyewe bila kuamriwa. Kisha kwenye Word ingia File, Options, Save, utafute mahali programu inapojihifadhia nakala za dharura. Utakuta imepangwa kila baada ya dakika 10. Weka 2. Mwisho wa kila kikao jitumie faili kwa barua pepe, kwa sababu flashi hupotea mfukoni, na ikipita steshenari inarudi na virusi.

Sasa subiri siku itakapokatika mkiwa wengi. Wenzako watapiga kelele na kushika vichwa. Wewe inuka polepole, nyoosha mgongo, uliza kama chai ipo. Hakuna kitu kinachompa mwanafunzi hadhi kama utulivu wa namna hiyo, na umeununua kwa vidole viwili.

3. Usikiguse kile kitufe kirefu

Hapa ndipo wengi wanapopoteza miezi ya maisha yao. Mtu anataka kichwa cha habari kikae katikati: anabonyeza nafasi, nafasi, nafasi. Anataka ukurasa mpya: Enter, Enter, Enter mpaka karatasi igeuke. Anataka yaliyomo: anaandika "Sura ya Kwanza", anapanga nukta arobaini, anaandika 7. Kesho yake msimamizi anamwambia aongeze aya moja kwenye utangulizi. Kila kitu kinateremka, nukta zinavunjika, na ile 7 sasa ni 8. Anaanza upya. Mtu huyu anafanya kazi ya punda halafu anaambiwa ni mzembe. Inaniuma kumwona, maana dawa yake ni ya dakika tano.

Fanya hivi. Andika kichwa cha sura kama kilivyo, bila mapambo. Kishike, kisha kwenye Styles chagua Heading 1. Vichwa vidogo vipe Heading 2. Endelea hivyo hadi mwisho. Ukimaliza, ingia References, bofya Table of Contents. Orodha yote ya yaliyomo inajiandika, na namba za kurasa zimo. Msimamizi akitaka aya mpya, mpe hata kumi. Bofya orodha mara moja, sema Update, namba zinajipanga zenyewe.

Umechoka na rangi ya vichwa? Badilisha Heading 1 mahali pamoja tu, na vichwa vyote vya tasnifu vinabadilika. Unataka ukurasa mpya? Ctrl+Enter. Umeandika "Kagera" kwa herufi ndogo kila mahali? Ctrl+H, na kosa la kurasa themanini linakufa kwa pigo moja. Unataka kuandika barua za mwaliko kwa wazazi mia mbili, kila moja na jina lake? Kuna Mail Merge: barua moja, orodha moja, na mashine inachanganya. Jifunze hiyo kabla ya kikao cha wazazi shuleni kwenu, halafu jitolee kuandika barua. Mwalimu mkuu atakutazama kwa namna mpya.

Haya yote ni wizi mtupu, na yaliwekwa pale ili uyaibe. Watu waliotengeneza programu hizi walikuwa wamechoka kama wewe. Larry Tesler na mwenzake Tim Mott, wakiwa kwenye maabara ya Xerox huko Kalifonia miaka ya 1970, ndio waliotupa kukata, kunakili na kubandika kwa namna tunayoifahamu leo. Tesler alitumia maisha yake kuhakikisha kompyuta hailazimishi mtu wa kawaida kukumbuka mambo mengi. Kila ukibonyeza Ctrl+C unakula jasho lake, na hivyo ndivyo alivyotaka.

4. Feli mapema, ukiwa peke yako

Kufeli utafeli. Ninachokupa mimi ni mahali pazuri pa kufelia.

Chukua faili lako, litengenezee nakala, liite "shamba la majaribio". Humo haribu kila kitu. Bofya kila kitufe usichokijua. Futa jedwali. Geuza ukurasa ulale upande. Kila ukishtuka, Ctrl+Z, na hali inarudi. Ukizidisha kurudi nyuma, Ctrl+Y. Fanya hivyo nusu saa kila jioni, mlango umefungwa, watoto wamelala. Ukifika chumba cha mtihani, makosa yako yote utakuwa umeshayafanya na unajua yanavyonuka.

Usione aibu, maana hata nchi ilipita huko. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye mitambo ile ikaja kuvurugika vibaya, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Naamini marufuku yale yalitugharimu sana. Wataalamu wa kuielewa mitambo walikuwa wachache mno, na badala ya kuwaongeza tukakifungia nje chombo. Usiifanyie hivyo laptopu yako. Ikikukataa Jumatatu, ifungue tena Jumanne.

5. Excel: hapa ndipo penye mali

Kama una nguvu ya kujifunza programu moja tu kwa dhati, iwe hii. Nasema hivyo kama mtu anayewapenda watu wa Kagera na amechoka kuona wanapunjwa kwenye hesabu.

Ujue kwanza chanzo chake. Mwaka 1978 mwanafunzi wa biashara wa Harvard, Dan Bricklin, alikuwa akimtazama mwalimu akiandika jedwali la hesabu ubaoni. Mwalimu akigundua kosa kwenye tarakimu moja, inabidi afute na kuandika upya safu nzima. Bricklin akaona kazi hiyo haifai kufanywa na binadamu. Yeye na Bob Frankston wakatengeneza VisiCalc, iliyotoka mwaka 1979, jedwali ambalo ukibadilisha namba moja nyingine zote zinajirekebisha. Excel ni mjukuu wake. Umeona? Ni mwanafunzi aliyetafuta njia ya mkato. Wewe unarithi.

Sasa usifanye mazoezi ya kitabuni yenye majina ya kampuni za Ulaya. Chukua kahawa. Unaijua butura: mkulima amebanwa na ada ya mtoto au matibabu, anauza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anavuna mali ya mwingine. Serikali imepiga marufuku mara ngapi, na bado ipo. Tengeneza jedwali. Safu A, majina. Safu B, kilo. Safu C, bei aliyopewa shambani. Kwenye seli H1 weka bei ya chama cha msingi. Kisha kwenye D2 andika =($H$1-C2)*B2. Alama zile za dola zinaizuia seli isihame. Usiziandike kwa mkono: ukiwa ndani ya fomula, weka mshale kwenye H1 ubonyeze F4. Sasa bofya mara mbili kile kipembe kidogo cha chini kulia cha D2. Fomula inashuka yenyewe mpaka mtu wa mwisho. Mwishoni bonyeza Alt na alama ya usawa: jumla imekuja.

Itazame hiyo jumla. Hiyo ni pesa ambayo kijiji kimeiacha ipite. Badilisha bei ya H1, utazame hasara inavyotembea safu yote. Mwanafunzi aliyefanya zoezi hilo mara moja hatasahau alama ya dola maisha yake yote, kwa sababu ameona inachunga nini. Na ukimwonyesha mjomba jedwali hilo kabla hajasaini na mlanguzi, umempa kitu ambacho hotuba za mikutano ya hadhara hazikuweza kumpa.

Mitego miwili, nikuonyeshe kabla haijakunasa. Ukiandika namba ya simu inayoanza na sifuri, Excel inaimeza sifuri. Geuza safu hiyo iwe Text kabla hujaanza. Na ukiandika 3/4, inaweza kukufanyia tarehe. Tabia hii ya kugeuza vitu kuwa tarehe iliwasumbua wataalamu wa jeni mpaka mwaka 2020 wakabadilisha majina ya jeni kadhaa, likiwemo lile lililoitwa MARCH1, kwa sababu programu ilidhani ni mwezi Machi. Kama wao walishindwa kubishana nayo, wewe usijaribu. Izunguke.

Mtego wa tatu ni mkubwa kuliko hiyo, na ndio utakaokupa jina. Mwaka 2010 maprofesa wawili wa uchumi, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa andiko lililosema kwamba nchi ikiwa na deni la zaidi ya asilimia 90 ya pato lake, ukuaji wa uchumi unadorora vibaya. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani wakalishika kutetea kubana matumizi. Thomas Herndon, mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma cha Massachusetts pale Amherst, akapewa zoezi la darasani la kurudia hesabu za andiko lolote mashuhuri. Akachagua hilo. Namba zikakataa kufanana. Akawaomba wenyewe faili, wakampa. Ndani yake fomula ya wastani ilikuwa imesimama mstari wa 44 badala ya 49, na nchi tano zimeachwa nje. Kulikuwa na kasoro nyingine pia, lakini hiyo ya mistari mitano ndiyo iliyozungumzwa na dunia mwaka 2013.

Kwa hiyo iba na hiyo. Ukiletewa jedwali lolote, la ofisi, la chama, la kamati ya harusi, bofya mara mbili kwenye jumla. Excel inachora mstari wa rangi kuzunguka seli zilizohesabiwa. Angalia kama umefika chini. Hutatumia hata sekunde tatu. Siku moja hautakuwa umefika, na chumba kizima kitanyamaza kukusikiliza.

6. Programu zisizo na bei

Usinunue Office ya kukrakiwa kwa fundi. Anakuwekea programu na wageni wengine usiowajua humohumo. Pakua LibreOffice, ni bure kisheria, ilizaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice, na karibu kila nililokueleza limo, ingawa vitufe vingine vimekaa tofauti. Pakua alfajiri, mtandao ukiwa mwepesi na bando la usiku halijaisha.

Na kama unaona kompyuta si mambo yetu, ujue kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Watu wa chuo cha umma cha hapa nchini walikaa wakatafuta neno kwa kila kitufe. Ilistahili kusambazwa kila shule ya kata. Chuo hicho kilianza pia kujenga tawi hapa Kagera. Natamani walimu wake waje na moyo uleule.

7. PowerPoint

Hii ni fupi. Maneno machache kwa slaidi, herufi kubwa, picha yako mwenyewe ya soko au ya ziwa. F5 unaanza. Ukitaka wakutazame wewe, bonyeza B: skrini inakuwa nyeusi, macho yote yanakujia. Bonyeza tena B, inarudi. Hakuna anayekumbuka kuuliza swali gumu baada ya hapo.

8. Siku yenyewe

Kazi za kupakia kwenye Moodle, mfumo wa masomo wa mtandaoni wa chuo, zipakie siku mbili kabla. Siku ya mwisho kila mtu yupo mtandaoni na mvua nayo inakuja. Ukishapakia, ifungue tena ilipo uhakikishe ni faili sahihi, kwa maana wapo waliowasilisha bajeti ya send-off.

Kwenye mtihani wa vitendo, kabla ya swali la kwanza hifadhi faili tupu kwa jina na namba yako ya usajili. Soma maswali yote. Anza na unaloliweza, vidole vipate joto. Kitufe kikikupotea, bonyeza kulia kwa kipanya: mara nyingi kinachotafutwa kimo humo.

Na ukipata sapu, ipokee kifua mbele. Sapu ya somo hili ni nyepesi kuliko zote kwa mtu mwenye lile faili la shamba la majaribio. Usirudi steshenari. Rudi kwenye faili, fanya kahawa tena kuanzia safu A, safari hii ongeza makato ya chama.

9. Kuvuna sifa

Sasa kubali kuwa mweka hazina wa kikundi cha kuzikana. Watakupa daftari lililochakaa. Lihamishie kwenye Excel usiku huohuo, uende nalo mkutanoni kwenye simu. Ta mmoja, mzee wa heshima, atauliza: tukipandisha mchango kwa shilingi elfu mbili kila mwezi, mwakani tutakuwa na ngapi? Wengine wataanza kutafuta kalamu. Wewe badilisha seli moja, uwageuzie kioo.

Watakuita profesa. Itikia. Wakikuuliza umefanyaje, wape miadi Jumamosi saa nne nyumbani kwako Kibeta, waje na simu zao zikiwa na chaji, na msichana yeyote aliyeishia darasa la saba asibaki nyumbani.